Bango Lililokunjwa Kabla ya Zefe

Ngamiani, mjini Tanga, mitaa mingi huitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka unavuka ya kumi na kuendelea. Katika mojawapo ya barabara hizo alikuwapo kijana mwenye chumba cha biashara, kompyuta, printa ya rangi na mashine ya kubandikia picha kwenye fulana na vikombe. Kioo cha mlango wake kilijaa kadi za harusi alizozibuni mwenyewe, na akina mama waliokuwa wakielekea sokoni walisimama kuzitazama. Jina lake nalihifadhi. Kisa chake nakisimulia kwa kuwa kinafundisha, na aliyefundishwa nacho kwanza ni yeye mwenyewe.

Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani habari hii ni ya mvivu au ya mlaghai. Alijua rangi. Alijua kwamba kwenye kadi ya mchango lazima pabaki nafasi pana ya jina la mwalikwa, maana jina hilo litaandikwa kwa kalamu na mjumbe wa kamati aliyechoka, usiku, baada ya kikao. Alijua kwamba wekundu unaong'aa kwenye kompyuta hufifia ukitoka kwenye karatasi, kwa sababu kioo huchanganya mwanga na printa huchanganya wino. Kwa hiyo alizoea kuchapa kipande kimoja na kukitazama juani kabla ya kuchapa mamia. Wako wenye vyeti vya sanaa wasiojali hilo. Harusi za Chumbageni, kipaimara, mahafali, Idi, Pasaka: zote zilipita mkononi mwake zikatoka zimependeza.

Kisha ukaandama mwezi wa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi.

Tanga huyapokea Maulidi kwa moyo wote. Misikiti na madrasa hupokezana usiku wa kusoma Barzanji, kitabu cha kumsifu Mtume, na yapo mazefe, maandamano ya sherehe: wavulana wamevaa kanzu na kofia, wasichana wamejitanda mitandio ya rangi moja, dufu zinalia, ubani unafuka, bendera zinapepea, na mabango yamebebwa na vijana wawili wawili. Kila madrasa hutaka ionekane. Bango ndilo linalotangulia; ndilo linalotangaza kwamba hawa ni watoto wa chuo gani na wamebeba sifa za nani. Waliokaa barazani hulisoma kabla hawajamtafuta mtoto wao kwenye safu.

Kamati ya madrasa moja ikaenda kwa kijana. Walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mfanyabiashara wa vyakula vya jumla, mama mshika hazina, na ustadhi kijana aliyekuja na maandishi kwenye simu. Walitaka bango la futi kumi na mbili kwa sita, fulana za watoto wa zefe, na stika za kubandika kwenye magari. Maandishi ya Kiswahili yalikuwa machache: jina la madrasa, mtaa, mwaka wa Hijria. Ya Kiarabu ndiyo yaliyobeba uzito, jina la Mtume na maneno ya kumsalia. Yakae juu, yawe makubwa, yaonekane toka mbali.

"Mwanangu, tunataka kitu ambacho madrasa nyingine hawajapata kukiona," mama mshika hazina alimwambia.

"Mama, ondoa shaka. Mtakipenda."

Siku zilikuwa zimebaki chache. Kamati ilichelewa kukusanya michango, kama zinavyochelewa kamati nyingi, na bango likawa la mwisho kukumbukwa baada ya mchele na ng'ombe. Wakatoa nusu ya malipo, wakaomba wapunguziwe kidogo kwa kuwa hii ni kazi ya thawabu, na kijana akapunguza.

Aliifanya usiku. Alitafuta kwenye intaneti picha ya msikiti, akapata jengo jeupe la marumaru, kuba kubwa katikati, minara minne pembeni, mwezi umekaa juu yake. Akalizungushia kijani kilichokolea na pambo la dhahabu. Kisha akanakili maandishi ya Kiarabu kutoka kwenye ujumbe wa ustadhi, akayabandika kwenye programu yake ya kuchorea. Programu yenyewe ilikuwa toleo la zamani alilopewa na rafiki, lisiloweza kuandika kutoka kulia. Maandishi yakatokea. Kwamba ni ya Kiarabu, hilo aliliona wazi. Akayakuza, akayatia dhahabu na kivuli, akarudi nyuma hatua mbili kuyatazama, na yakampendeza sana.

Hapa inabidi nieleze kilichotokea, kwa sababu kosa hili lipo mpaka leo kwenye kadi za nikaha, kwenye keki, kwenye fulana za Ramadhani, na wengi wanaolifanya hawajui limeingiaje.

Herufi za Kiarabu ni 28, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nyingi kati yake zina sura nne: sura ya kukaa peke yake, ya kuanza neno, ya kukaa katikati na ya kufunga neno. Sita tu, alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, hazishiki herufi inayozifuata. Anayeandika kwa mkono hubadili sura hizo bila kufikiri, kwani ndivyo alivyozoezwa tangu chuoni. Kompyuta huhifadhi neno kama orodha ya herufi basi, na ni juu ya programu kuziunganisha na kuzipanga kutoka kulia. Programu isiyojua kazi hiyo humwaga herufi mojamoja, kila moja katika sura ya kukaa peke yake, na huzianzia kushoto. Chukua jina la Mtume: mimu, hee, mimu, dali. Aliyesoma bango la kijana kutoka kulia alikutana na dali, mimu, hee, mimu, hakuna herufi inayogusana na nyingine. Halikuwa jina la Mtume tena, wala la mtu yeyote.

Simu ya ustadhi iliyaonyesha maneno yaleyale sawasawa, maana simu za siku hizi huwa na uwezo wa Kiarabu ndani yake. Yaliharibika pale yalipohama kutoka kwenye ujumbe kuingia kwenye mchoro. Kijana hakuwa na jicho la kuona tofauti. Kwake yeye yale yalikuwa pambo, sawa na ua la pembeni, na pambo hulitazama ukaridhika, hulisomi.

Saa tatu usiku akatuma picha ya bango kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akifunga duka. Akaifungua kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akaona kijani, akaona dhahabu, akaona kuba. Hakuikuza. Akajibu: "Safi sana. Chapa." Mama mshika hazina naye akatuma dua na shukrani. Ustadhi alikuwa amesafiri na simu yake haikushika mtandao. Mwalimu mkuu wa madrasa, mzee anayesoma khati ya kila namna, hatumii simu za aina hiyo, na hakuna aliyekumbuka kumpelekea karatasi.

Faili likatumwa Dar es Salaam kwenye mashine kubwa. Turubai likarudi kwa basi, limeviringishwa na kufungwa vizuri.

Asubuhi ya zefe uwanja wa madrasa ulijaa watu. Vijana wawili wakalifungua bango, wakalisimamisha kwenye miti yake, na kweli lilimeremeta. Vigelegele vikapigwa. Mtoto wa kiume wa miaka kama saba, aliyekuwa mstari wa mbele, akafanya alichofundishwa kufanya kila aonapo maandishi: akaanza kusoma. Aliinua kidole upande wa kulia, akatamka herufi ya kwanza, akaitafuta ya pili, akanyamaza. Akaanza upya. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Maalim, mbona hapa hapasomeki?"

Mzee alikuwa akipanga safu ya wasichana. Akaja, akasimama mbele ya bango, akalitazama kwa muda mrefu. Hakupaza sauti. Aliwaambia wale vijana, "Likunjeni. Taratibu. Lisiguse chini."

Amri hiyo ya mwisho iliwashangaza baadhi ya watu. Kama maandishi yenyewe ni mabovu, yanastahiwa kwa nini? Lakini mzee aliona kwamba herufi zile, japo zimepinduka, zilikusudiwa kuwa jina la Mtume, na kusudio hilo peke yake lilitosha kulizuia turubai lisikanyagwe. Zefe likatoka likitanguliwa na bendera ya kijani isiyo na neno. Fulana, zilizokuwa na maandishi yaleyale kifuani, zilibaki ndani ya magunia. Stika zilikwishabandikwa kwenye magari kadhaa, na mwenyekiti alishinda asubuhi ile akizibandua kwa kucha na maji ya moto.

Kijana alikuwa Mlutheri. Mpaka siku ile hakuna aliyeona kwamba hilo linahusika na lolote; Tanga ni mji ambao mshonaji wa kanzu huweza kuwa wa dini yoyote, na pilau ya Krismasi ikapikwa na jirani Mwislamu. Lakini adhuhuri haijafika, watu wachache walikuwa wakisema barazani kwamba amefanya makusudi, kwamba jina la Mtume haligeuki kwa bahati mbaya. Picha ya bango ikaanza kusafiri kwenye makundi ya simu, na kila ilipofika iliamsha hasira mpya. Hiki ndicho kipande cha kisa kinachonikosesha raha. Kosa la programu ya kompyuta lilikuwa linakaribia kuwagombanisha majirani, na lilikuwa halijamaliza hata nusu siku.

Baada ya Alasiri mwalimu mkuu akaenda mwenyewe kwa kijana, amefuatana na mwenyekiti. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Kijana akawasha kompyuta, akayanakili maneno upya mbele yao, akayabandika. Herufi zikatoka zimetengana. Mzee akaomba simu, akatazama maneno yalivyokaa mle, akatazama kioo cha kompyuta, akarudi tena kwenye simu. Akamwambia mwenyekiti, "Umeona? Hakugeuza yeye. Na sisi hatukusoma."

Baada ya sala ya Magharibi alisimama msikitini, akaeleza alichokishuhudia kwa macho yake, akawaomba watu waifute ile picha kwenye simu zao. Wengi waliifuta, na maneno ya barazani yakapoa. Naamini mji ule una deni kubwa kwa mzee yule kuliko unavyojua.

Hasara ya fedha ilibaki. Kamati haikutoa nusu ya pili, na kijana alikuwa amelipia turubai na fulana kwa mkopo wa kikoba cha mama yake. Aliurejesha kwa shida. Watu waliokuwa wameagiza kadi za harusi wakahamia kwingine, Wakristo na Waislamu. Siwalaumu. Mwenye sherehe ana siku moja tu, wageni wamekwisha kualikwa, na hakuna wa kumrudishia siku hiyo ikiharibika. Gazeti likikosea litasahihisha toleo lijalo. Bango la zefe halina toleo lijalo.

Na turubai lenyewe? Mabango ya sherehe yakishamaliza kazi hugeuka paa la banda la kuku, pazia la bafu la uani, kifuniko cha meza ya mama wa vitumbua. Hili halikuweza kugeuzwa hivyo. Sehemu yenye maandishi ilikatwa ikazikwa mahali pasipokanyagwa. Hapa nina neno na kamati, hata zile zilizochapa Kiarabu sahihi kabisa. Fulana ya zefe itavaliwa mpirani, itaingia nayo mtu chooni, mwishowe itapigiwa deki. Anayeichapa jina la Mtume au aya anajua kwamba ndiko inakokwenda. Nadhani maneno matukufu yaandikwe kwenye vitu vinavyotunzwa: bendera inayofungiwa kabatini mpaka mwaka mwingine, kitambaa kilichotariziwa, ubao wa mlangoni. Fulana inatosha ikibeba jina la madrasa na rangi yake.

Kosa la kuchapa herufi usizozisoma lina umri mkubwa. Mjini Venice, kati ya mwaka 1537 na 1538, Paganino Paganini na mwanawe Alessandro walichapa Kurani nzima kwa herufi za metali, na inaaminika walikusudia kuiuza katika dola la Waturuki. Walikuwa wachapaji hodari wenye sifa. Kiarabu ndicho kilichowashinda: herufi dali na dhali hazikutofautishwa, irabu zikawekwa vibaya, maneno yakaharibika. Biashara haikufika popote. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hakuna nakala iliyosalia, mpaka moja ilipogunduliwa miaka ya 1980 na mtafiti Angela Nuovo katika maktaba ya watawa wa Kifransisko mjini humohumo. Mitambo ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, mtaji ulikuwepo. Msomaji mmoja mahiri wa Kiarabu, inaelekea, hakuketi nao mezani.

Ile picha ya msikiti iliyokuwa kwenye bango la kijana, mzee hakuizungumzia siku ile. Nitaizungumzia mimi, kwa sababu picha nayo husomwa. Jengo jeupe lenye kuba na minara minne ambalo kila mwaka huwekwa kwenye kadi za Idi na mabango ya Maulidi ni Taj Mahal, lililoko Agra, India. Ni kaburi. Mfalme Shah Jahan alilijenga kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua. Msikiti upo pale, lakini ni jengo jingine la mawe mekundu, upande mmoja wa uwanja. Kumpongeza mtu kwa furaha ya Idi kwa picha ya kaburi la mke wa mfalme ni jambo ambalo mbunifu angeliepuka kwa kuuliza swali moja tu: hapa ni wapi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pwani yetu haina njaa ya michoro. Kusini mwa Tanga, pale Tongoni, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mkuu wenye safu za matao na makuba. Kizimkazi, Unguja, kwenye msikiti wa Dimbani, yapo maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yakiwa na mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107. Yule aliyechonga hakuwa na programu wala nafasi ya kufuta, na herufi zake, zilizopambwa kwa majani na mikunjo, zinasomeka mpaka leo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano kwa mtindo wao wenyewe. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe imejaa waridi, minyororo na mawimbi yaliyochongwa kwenye mbao. Mbunifu wa Ngamiani anayetaka pambo la Maulidi ana hazina ya karne tisa, na bado anakwenda kuchota Agra.

Wakristo nao wasijione wamesalimika. Kadi za Krismasi zinazouzwa Dar es Salaam katika joto la Desemba huonyesha theluji, misonobari na mzee aliyevaa manyoya. Desemba hiyohiyo mkrismasi umesimama kando ya barabara umewaka maua mekundu, na jina lake lenyewe limetokana na sikukuu hiyo. Ni nadra kuuona kwenye kadi. Hata kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ile ambayo Henry Cole alimwagiza John Callcott Horsley aichore huko London mwaka 1843, ilipata lawama kwa kile watu walichokisoma ndani ya picha. Pembeni ilionyesha maskini wakilishwa na kuvishwa, na katikati familia ikinyanyua glasi za mvinyo, mtoto mdogo naye akinyweshwa. Nakala zilikuwa kama elfu moja. Waliokuwa wakipigana na ulevi hawakuona maskini wanaolishwa. Walimwona mtoto anayekunywa.

Wauza kanga walilielewa zamani jambo hili, kwamba kilichochapwa husomwa. Kanga ndiyo sanaa yetu kubwa ya sherehe: huvaliwa harusini, hutunzwa mwari, hupelekwa kwa mama aliyejifungua, hununuliwa doti kwa doti siku ya Idi. Ina pindo, ina mji, na ina jina. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa aliyeanzisha kutia misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Nenda duka lolote la kanga ukamtazame mnunuzi. Atashika pindo, atafungua kitambaa mpaka kwenye jina, atalisoma, pengine atamsomea na mwenzake. Ndipo atauliza bei. Rangi ikiwa nzuri na jina likawa la kumtukana wifi asiyemkusudia, anairudisha. Mfanyabiashara wa kanga anayechapa maneno bila kuyasoma hafiki mwaka.

Kijana wa Ngamiani hakufunga duka. Alichokibadilisha kinastahili kuigwa. Kabla ya kutia rangi yoyote, huchapa maandishi matupu kwenye karatasi nyeupe, wino mweusi, bila dhahabu wala kivuli, maana dhahabu huvuta jicho likasahau kusoma. Karatasi hiyo humkabidhi mwenye sherehe mkononi, naye huisoma kwa sauti mpaka mwisho: majina ya maharusi, jina la ukumbi, saa, namba za simu za kamati. Kisha hutafutwa mtu wa pili ambaye hakushiriki kuandika, kwa kuwa aliyeandika huona alichokusudia badala ya kilichopo. Wote wawili hutia sahihi. Pasipo sahihi mbili hakuna faili linalokwenda Dar es Salaam, hata kama mteja amepiga simu akilia.

Kwa Kiarabu, hachapi tena kwa kubonyeza herufi, ijapokuwa siku hizi ana programu inayoweza. Huenda kwa yule mwalimu mkuu. Mzee huchovya kalamu ya mwanzi, huandika kwenye karatasi, hukausha, hutazama, huandika tena mpaka aridhike. Kijana huipiga picha karatasi ile na kuifuatisha mistari yake kwenye kompyuta. Herufi zikishakuwa mchoro, programu haiwezi tena kuzitenganisha. Mzee hulipwa. Hilo kijana alilisisitiza mwenyewe, na mzee alikataa mara kadhaa kabla ya kukubali fedha ya wino na muda wake.

Tarehe za Idi nazo hazichapi kwenye kadi. Huandika Mosi Shawwal na mwaka wa Hijria, akaishia hapo, kwa kuwa mwezi huandama utakavyo na kadi iliyotaja Jumatatu haibadiliki Idi ikiangukia Jumanne. Ni jambo dogo, lakini nimeona kamati zikipita na kalamu nyeusi kwenye mamia ya kadi kwa sababu yake.

Lawama ya bango lile sitaki ikae kwa kijana peke yake. Kamati ilileta kazi mwishoni, ikapunguza bei, ikatuma maandishi kwa simu, ikaidhinisha kwa simu, na ikamwacha nje mtu mmoja ambaye angelisoma kwa kulitupia jicho. Alikuwa amekaa chuoni, mwendo mfupi tu kutoka dukani kwa mwenyekiti.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati wa Maulidi, wa harusi, wa Pasaka na wa mahafali: mnapopanga bajeti, wekeni fungu la msomaji kama mnavyoweka la mpishi. Mtafuteni mapema, mpeni karatasi, si picha ya simu, na muda wa kuisoma mchana. Nanyi wabunifu, mteja akikuletea maneno ya lugha usiyoijua, muulize nani katika watu wake anaisoma, na usianze kazi mpaka akutajie mtu.